Watu wa Imani Kali: Kutoka Massachusetts Hadi Vilima vya Bwera

Askari yeyote aliyepata kutumikia katika wilaya ya Kasese, ama mjini penyewe ama huko Bwera ambako Uganda inakoma na Kongo inaanza, hakosi kukutana na watu wa namna moja ambao huwashangaza wageni. Mmoja hukaribishwa tonto kwenye sherehe ya jirani, akakataa kwa upole na kuomba maji. Mwingine hufunga duka lake Ijumaa kabla ya jua kuzama, hali wateja wangali mlangoni. Wa tatu huja kituoni kwa miguu yake mwenyewe, hakuitwa wala hakushitakiwa, akaeleza kwamba zamani aliiba baiskeli ya mtu na sasa anataka kuirudisha. Wapo wanaomcheka mtu kama huyo, na wapo wanaodhani amerukwa na akili. Sisi twaona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu, askari wa jeshi na wa polisi, asili ya watu hawa, kwa maana mlinzi wa amani asiyeijua imani ya raia wake anaweza kumwogopa asiye na hatari na kumwamini mwenye hatari.

Duniani imani ya namna hii imepata majina mengi. Jina lililovuma kuliko yote ni lile la Wapuritani, maana yake watu watakao utakaso. Hao walikuwa Waingereza wa karne ya 16 na ya 17 walioona kwamba Kanisa la nchi yao, ingawa lilikwisha kujitenga na Roma, lilikuwa bado na mapambo na desturi zisizomo katika Biblia. Walipoona Mfalme hawasikilizi, wengi wao walihama. Mwaka 1620 merikebu iitwayo Mayflower ilivuka bahari ya Atlantiki na abiria 102, na majira ya baridi ya kwanza yakawaua karibu nusu yao. Mwaka 1630 John Winthrop aliongoza msafara mkubwa zaidi, wakajenga mji wa Boston katika nchi ya Massachusetts. Katika miaka ile kumi watu wapatao 20,000 waliwafuata.

Maisha yao ya kila siku yalikuwa ya jembe, shoka na Kitabu. Siku ya Bwana ilianza Jumamosi jua linapozama. Tangu hapo hapakuwa na kulima, kufanya biashara, wala kucheza. Ibada ilichukua saa nyingi asubuhi, na nyingine mchana. Sikukuu ya Krismasi hawakuiona katika Maandiko, kwa hiyo mwaka 1659 Massachusetts iliweka faini ya shilingi tano kwa kila atakayeonekana akiisherehekea, na sheria hiyo haikufutwa mpaka 1681. Mtu aliyetaka kuwa mshirika kamili wa kanisa hakutosheka kusema naamini. Ilimpasa kusimama mbele ya wenzake na kusimulia jinsi Mungu alivyoigeuza nafsi yake, nao wakamsikiliza na kumpima. Kwa kuwa kila mtu alipaswa kujisomea Biblia, walianzisha chuo cha Harvard mwaka 1636, na mwaka 1647 wakaamuru kila mji wenye nyumba 50 uajiri mwalimu wa kusoma na kuandika.

Lakini tusiwasingizie. Wengi hudhani Wapuritani hawakuonja kileo. Walikuwa wakinywa bia mezani pamoja na watoto wao. Walichokipiga vita ni ulevi. Wala hawakuvaa nguo nyeusi tupu kama wanavyochorwa, kwani walipenda vitambaa vya rangi wakivipata.

Askari wetu watapendezwa kusikia kwamba ulinzi kwao ulikuwa wajibu wa kila mwanamume tangu umri wa miaka 16 hadi 60. Alipaswa kuwa na bunduki yake na kuhudhuria kwata. Aidha, baadaye waliweka wasimamizi, kila mmoja akiangalia nyumba kumi hivi za jirani zake: nani analewa, nani anafanya kazi siku ya Bwana, nani hawafundishi watoto wake. Kwa wale tuliokaa chini ya utaratibu wa mayumba kumi, jambo hili si geni hata kidogo. Tofauti ni kwamba msimamizi wa Massachusetts aliingia hata kanisani na fimbo mkononi, akawaamsha waliosinzia.

Hapo ndipo shida yao ilipolala. Watu hawa waliokimbia kuonewa kwa ajili ya imani, walipopata serikali yao wenyewe waliwaonea wengine. Roger Williams, mchungaji aliyefundisha kwamba hakimu hana mamlaka juu ya dhamiri ya mtu, aliamriwa kuondoka mwaka 1635. Anne Hutchinson, mama wa watoto wengi aliyefundisha Biblia nyumbani mwake, alifukuzwa baada yake. Kati ya 1659 na 1661 wafuasi wanne wa dhehebu la Kweka walinyongwa Boston kwa sababu walikatazwa kuingia nchini nao wakarudi.

Kisha yakaja mambo ya Salem mwaka 1692, ambayo kila askari mpelelezi angefaa kuyajua. Wasichana wachache walishikwa na kifafa cha ajabu, wakawataja watu waliowaroga. Watu zaidi ya 150 wakatiwa gerezani. Mahakama ilikubali ushahidi wa kivuli, yaani mshitaki aliposema ameona umbo la mshitakiwa likimjia usiku, neno hilo lilihesabiwa kuwa shahidi, hata kama mshitakiwa mwenyewe alikuwa amelala kwake maili kadhaa mbali. Jambo la kutisha zaidi ni hili: aliyeungama kuwa ni mchawi aliachwa hai, na aliyesimama katika kweli akakana ndiye aliyepelekwa kwenye kitanzi. Watu 19 walinyongwa, na mzee mmoja, Giles Corey, alibanwa kwa mawe mazito mpaka akafa kwa kuwa alikataa kujibu mashitaka. Gavana aliivunja mahakama ile mwezi wa Oktoba. Mwaka 1697 mmoja wa mahakimu, Samuel Sewall, alisimama kanisani mbele ya watu wote wakati toba yake ikisomwa, akabeba lawama.

Tumeieleza habari hii kwa kirefu kwa sababu shutuma za uchawi hazikuishia Salem. Uganda inayo Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1957, na askari aliyepata kutumikia vijijini anajua jinsi jina la bibi kizee linavyoweza kutajwa katika matanga, na kabla ya asubuhi nyumba yake ikawa jivu.

Sasa na tuvuke bahari turudi kwetu. Wapuritani wenyewe hawakufika Ruwenzori. Hata hivyo, wakati ukoloni ulipokuwa ukianza katika nchi hii, palitokea watu walioishi kwa namna inayofanana sana na yao, nao hawakuwa Wazungu.

Mwezi wa Desemba 1893, miaka miwili hivi baada ya vita vya dini kumalizika Buganda, palizuka uamsho katika kanisa la Mengo. Mmisionari George Pilkington, yule aliyeongoza tafsiri ya Biblia kwa Luganda, alitangulia kuungama upungufu wake, na Waganda wengi wakamfuata. Matunda yake yalionekana haraka. Vijana walijitoa kwenda kufundisha mbali na kwao, wakiwa na mkeka, vitabu na jembe. Watu waliwaita wasomaji. Msomaji wetu apime neno hili: katika Luganda na katika Lutoro, kusoma kulikuwa ndiko kumfuata Kristo, kwa kuwa Kanisa la Kiprotestanti halikupenda kumbatiza mtu mzima asiyeweza kusoma Injili. Winthrop na wenzake wangalilielewa jambo hilo bila kufafanuliwa.

Mmoja wa wasomaji hao alikuwa Apolo Kivebulaya. Huyu alijua bunduki kabla hajakijua Kitabu. Ujanani alivutwa na Uislamu, akapigana katika vita vya dini, akavuta bangi, na mwaka 1891 alikuwamo katika msafara wa Kapteni Lugard uliofika Toro, ukajenga ngome penye ziwa la chumvi la Katwe na kumrudisha Kasagama katika kiti cha ufalme. Jina la Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Ulaya, inasemwa alipewa kwa ajili ya koti la Kizungu alilovaa juu ya kanzu. Alibatizwa Januari 1895, na mwisho wa mwaka ule akarudi Toro, safari hii bila silaha.

Mukama Kasagama naye alibatizwa mwaka 1896 akaitwa Daudi, akashika ndoa ya mke mmoja, Damali. Kwa mfalme wa wakati ule jambo hilo halikuwa dogo, kwani wake wengi walikuwa ndio uhusiano wake na koo za nchi. Mwaka uliofuata aliwaandikia wazee wa Kanisa huko Ulaya akiomba waalimu. Tukisema kweli, ndani ya imani yake mlikuwa na siasa pia. Machifu walikwisha kuona kwamba mwandishi na hakimu wa serikali mpya atatoka miongoni mwa wasomaji.

Apolo alivuka mto Semliki mwaka 1896 akaingia Mboga, ambayo siku hizi imo Kongo. Alihubiri dhidi ya ulevi, hirizi na wake wengi, na mtawala wa Mboga, Tabaro, akachukizwa naye. Watu walikatazwa kumwuzia chakula. Kisha dada wa mtawala, alipokuwa akichukua majani ya kuezekea, aliangukia mkuki uliokuwa umefichika nyasini, akafa. Apolo alishitakiwa, akafungwa minyororo, akapelekwa mbele ya afisa wa Kiingereza Toro, akatiwa gerezani. Alipoachiliwa hakukimbilia kwao Buganda. Alirudi Mboga kwa watu wale wale, na Tabaro mwishowe akabatizwa. Apolo hakuoa. Alilima bustani yake, alipika chakula cha wanafunzi wake, alijenga kwa mikono yake. Alifariki tarehe 30 Mei 1933, na aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo, ambako kazi ilikuwa haijaisha.

Vilima vya Bwera na Busongora, nchi ya Wakonzo, vilipokea neno hilo kwa njia yenye mwiba. Mwalimu alikuja na kitabu cha Lutoro, akafundisha kwa Lutoro, na nyuma yake alisimama chifu wa Toro anayetoza kodi. Mkonzo alipaswa kumwungamia Mungu dhambi zake kwa lugha ya mtu aliyemdharau. Kutoka shule hizo za misheni alitokea Isaya Mukirania, mwalimu, aliyeongoza Rwenzururu kujitenga na Toro mwaka 1962. Mwanawe, aliyemrithi baada ya kifo chake mwaka 1966, huitwa Charles Wesley Mumbere. Yaliyotokea baadaye milimani ni habari nyingine, nasi hatutaiingia hapa.

Wimbi la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Namirembe, wakakaa siku kadhaa wakisoma Biblia pamoja. Kutoka hospitali ya Gahini nchini Rwanda alikokuwa akifanya kazi daktari huyo, moto ulishuka Kigezi mwaka 1935, ukaenea Ankole, Toro, Buganda, kisha Kenya na Tanganyika. Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, aliyefariki Januari 1936, aliwaachia neno moja la Luganda: Zukuka, yaani amka. Watu hao wakaitwa Balokole, nasi kwa Kiswahili twawaita Walokole, waliookoka.

Ni vema tueleze maisha yao nyumbani, maana huko ndiko mabadiliko yalikokuwa makubwa. Mlokole aliacha pombe na tumbako, na wengine waling'oa hata mimea ya tumbako iliyowaletea fedha. Alilipa madeni. Alirudisha shuka aliyoiba mission, kodi aliyoikwepa, vyombo vya tajiri wake. Mabwana shauri walijikuta wakipokea fedha ambazo hapakuwa na fomu ya kuzipokelea. Mume alikula pamoja na mkewe, hali zamani mwanamke alikula jikoni. Mwiko wa wanawake kula kuku na mayai ukavunjwa katika nyumba nyingi za Walokole, na wakwe wakakasirika kuliko walivyokasirishwa na mahubiri yote. Kila juma walikutana, na kila mtu akaeleza hali ya nafsi yake waziwazi: nimemkasirikia mke wangu, nimesema uongo sokoni, nimemwonea wivu ndugu yule. Jambo hilo waliliita kutembea nuruni. Kisha waliimba wimbo wao wa Tukutendereza na kukumbatiana, Mwafrika na Mzungu, Muhima na Mwiru, chifu na mchunga mbuzi wake.

Hebu fikiri maana ya desturi hiyo katika mji kama Kasese. Mji ule ulizaliwa na shaba na reli. Mgodi wa Kilembe ulianza kutoa shaba mwaka 1956, mwaka uleule garimoshi lilipofika, na vijana wa makabila mengi wakaja kutafuta mshahara, wakiwa mbali na baba na wajomba wa kuwakanya. Siku ya malipo ina njia nyingi za kuzimaliza fedha. Kijana aliyejiunga na ushirika wa Walokole alikuwa na watu watakaomwuliza juma lijalo, ndugu, u hali gani rohoni, wala hangeweza kuwajibu kwa maneno matupu.

Walokole hawakupendwa na wote. Waliimba usiku wakati jirani wanalala. Walisema dhambi za wengine walipokuwa wakisema za kwao, na mume mwingine alijua siri ya mkewe mbele ya umati. Mwaka 1941 chuo cha wachungaji cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26, miongoni mwao William Nagenda, kwa kuwa hawakukubali kuacha sala zao za alfajiri na kuhubiri chuoni. Nao wenyewe waligawanyika. Katika miaka ya 1970 kundi la Yona Mondo, walioitwa Wazukufu, liliona wenzao wamelegea. Likakataza mikopo, mahari, mavazi ya fahari, hata kufuga mbwa. Mtu akianza kupunguza, haijulikani ataishia wapi.

Lakini mtu akiwalinganisha na Wapuritani wa Boston, tofauti moja inapita zote. Mlokole hakuwa na kiboko. Hakuwa na gereza, wala faini, wala mti wa kunyongea. Aliyechoka naye aliondoka, akanywa tonto yake, na adhabu yake ilikuwa kuombewa tu. Ukali wake ulimwelekea yeye mwenyewe kwanza, nao ulifanyika kiwanjani, mchana, mbele ya mpita njia yeyote. Wapuritani walipoiweka imani hiyohiyo mikononi mwa hakimu na askari, ndipo Salem ilipozaliwa.

Na wale Wasabato wanaofunga maduka Ijumaa? Nasaba yao inatoka kulekule Massachusetts na jirani zake. Kanisa lao lilianzishwa rasmi mwaka 1863 nchini Marekani na watu ambao wengi wao walizaliwa na kukulia katika nchi ya wajukuu wa Wapuritani, na kawaida ya kuhesabu siku takatifu tangu jua kuzama ilikuwa imezoeleka huko. Ujumbe wao ulifika Uganda katika miaka ya 1920, ukaota mizizi Ruwenzori. Kwa kuwa wanajiepusha pia na vinywaji vya kusisimua, utamkuta Msabato wa mlimani akilima kahawa nzuri mno ambayo yeye mwenyewe haonji. Sisi hutabasamu tukiliona hilo, lakini hatujasikia kwamba imewahi kumdhuru mtu.

Hatari inajulikana kwa alama nyingine. Huko Kanungu, kusini mwa Kasese, palikuwa na kundi lililojiita Harakati ya Kurudisha Amri Kumi za Mungu, likiongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde. Wafuasi waliuza mali zao wakawapa viongozi. Waliongea kwa ishara, wakihofu kwamba maneno yangewafanya wavunje amri ya kutoshuhudia uongo. Kundi lilikuwa limeandikishwa serikalini, jirani waliwaona kuwa watu watulivu, wachapakazi, wasiolewa. Tarehe 17 Machi 2000 mamia yao waliteketea ndani ya nyumba yao ya ibada ambayo milango na madirisha yake yalikuwa yamepigiliwa misumari, na baada ya siku chache polisi walifukua maiti nyingine nyingi katika nyumba za viongozi. Kufunga, kukataa pombe, kusali usiku, hayo yote Walokole nao waliyafanya. Ila Walokole walikuwa wakizungumza bila kukoma, na kila mtu alikwenda kulala kwake.

Kuna usiku mmoja zaidi ambao yatupasa kuutaja mbele ya wasomaji wenye sare. Janani Luwum alikuwa mwalimu wa shule alipookoka mwaka 1948 katika uamsho ule ule, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu. Usiku wa tarehe 5 Februari 1977, katika utawala wa Idi Amin, askari wenye silaha waliingia nyumbani kwake Namirembe wakitafuta bunduki. Walipekua vyumba vyote, hata chakula kilichowekwa akibani, hawakuona kitu. Siku chache baadaye yeye na maaskofu wenzake waliandika barua kwa Rais, wakaeleza waziwazi mauaji na uonevu uliokuwa ukiwapata raia mikononi mwa vyombo vya usalama, kama watu waliozoea kusema mambo nuruni. Tarehe 16 Februari alikamatwa, akauawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ilitangaza kwamba wamekufa kwa ajali ya gari. Oryema alikuwa amepata kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi, Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho Uganda.